Mkanda wa Mapigo ya Moyo

Avit Kamala, fundi seremala wa Ijuganyondo, alianza kukimbia akiwa na miaka arobaini na mmoja, baada ya daktari kumwambia kwamba presha ingemuua kabla watoto hawajamaliza shule. Miezi ya mwanzo alikimbia ovyo, akarudi nyumbani macho yamemtoka. Aliyemfundisha kukimbia kwa akili ni Nirav, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Bukoba. Alimpa mkanda wa kuvaa kifuani, unaohesabu mapigo ya moyo na kuyatuma kwenye saa ya mkononi.

"Ukipita mia na hamsini, punguza mwendo," Nirav alimwambia. "Usishindane na mtu. Mwili ukizoea, mlima uleule utaupanda kwa mapigo machache zaidi."

Mwili ulizoea. Kila asubuhi, kabla hajatoka kitandani, Avit alitazama mapigo yake na kuyaandika ukutani kwa penseli ya useremala. Yalianzia themanini na mbili. Mwaka ulipoisha yalikuwa hamsini na nne, na mkewe Judica alikuwa anawasomea wageni ule ukuta kama matokeo ya mtihani wa mtoto wake.

Mwezi wa sita walikwenda Kagoma, Muleba, kwa Ma Celina, mama mzazi wa Judica, kumzika shangazi yake Judica. Kesho yake kulipopambazuka Avit alivaa mkanda, akavaa fulana nyeusi juu yake, akatoka mbio. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba wiki hiyo wezi walikuwa wamechuma vanila ya watu katika mashamba matatu, na kwamba wanaume walikuwa wanalinda migombani.

Alikuwa anateremka taratibu, saa ikionyesha mia na arobaini, aliposikia sauti nyuma yake: "Omushuma! Mwizi!" Akageuka amwone huyo mwizi. Akaona watu sita wenye fimbo na mundu wanamjia yeye.

Kosa lake, alisema baadaye, ni kwamba aliongeza mwendo. Miguu ilifanya ilichozoea. Kwa dakika kadhaa aliwaacha mbali, akaanza hata kuamini kwamba atapona. Lakini yowe lilikuwa limeshamtangulia, na kwenye kona ya kanisa wengine walikuwa wamejipanga barabarani. Mpini wa jembe ulimpata mgongoni. Akaanguka kifudifudi. Fimbo zikashuka kichwani, mbavuni, na kwenye mikono aliyojikingia. Akausikia mfupa wa mkono wa kushoto ukikatika kama papi kavu ya mbao. Mtu mmoja mnene, Buberwa, akamchania fulana na kuuona mkanda.

"Hirizi!" akapiga kelele. "Ndiyo maana alikuwa hakamatiki!"

Akauvuta mpaka ngozi ikachubuka, akaukatakata kwa mundu. Mwingine akaitisha petroli kutoka kwenye pikipiki.

"Mimi ni mkwe hapa," Avit alisema, mdomo umejaa damu. "Mkwe wa Ma Celina."

Aliyemsikia ni Kokubanza, mjane wa jirani, aliyekuwa anatoka kuteka maji. Akatupa dumu, akajilaza juu ya Avit.

"Jana huyu alibeba jeneza mbele ya macho yenu!" akafoka. "Haya, tuchomeni wote wawili!"

Fimbo moja ilimpata begani kabla hazijakoma. Kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka shughuli zao.

Avit alilazwa wiki tatu. Mkono uliunga ukiwa umepinda kidogo. Polisi walipouliza, kila mtu alisema hakuwepo. Nirav alimletea mkanda mwingine, lakini sasa, akiwa bado amelala, mapigo yalifika tisini. Daktari akampima mara mbili.

"Moyo ni mzima," alisema. "Hiyo ni hofu, mzee."

Mwezi wa kumi Buberwa alikuja mwenyewe karakanani. Akavua kofia mlangoni.

"Ta Avit, nimekuja kuomba..."

Avit hakumwacha amalize. Alinyakua kipande cha mninga, akampiga usoni, na alipoanguka kwenye maranda akampiga tena. Buberwa hakuinua mkono. Avit alikuwa ameinua mti kwa mara ya tatu Judica alipomkamata kwa nyuma.

"Baba Kyaruzi, imetosha! Unamuua!"

Meno mawili yalikuwa chini. Buberwa akakaa, akatema damu, akaomba maji. Judica akampa. Akanywa, akashukuru, akaondoka bila kumaliza maneno yake.

Siku ile Avit hakujuta. Alijuta wiki iliyofuata, Nirav alipomuuliza mbona haonekani barabarani, naye asijue aanzie wapi kumweleza kwamba amempiga mtu aliyekuja kuomba msamaha.

Siku hizi anakimbia mchana, kwenye lami, amevaa fulana ya njano, Nirav akiwa mbele yake. Kagoma Judica huenda peke yake. Akirudi, Avit humpokea mzigo na kumwandalia maji ya kuoga. Habari za huko hamuulizi.