Viatu vya Kidoti

Ukifika Nungwi ukauliza nani aliyewavua viatu wanawake kumi na wawili mbele ya mgeni wa kampuni, utaonyeshwa nyumba ya Bi Mwanakheir, na aliyekuonyesha atacheka peke yake. Mwenyewe hapendi kusimulia. Ukimbana sana atakwambia yalikuwa mambo ya kawaida tu, na hapo atakuwa amekudanganya.

Mwanakheir ni mzaliwa wa Tumbatu. Aliolewa Nungwi na Pandu, fundi wa kutia kalafati, kuziba nyufa za majahazi, mtu mpole asiyejua kugombana hata na kuku. Kilimo cha mwani kilipoingia kijijini, mwaka wa tisini, wanaume walicheka. Walisema wake zao wamekwenda kulima takataka za baharini. Mwanakheir alipiga vigingi vyake, akakaza kamba, akafunga vichipukizi kimoja kimoja, na baada ya miaka mitatu nyumba yake ilikuwa na bati, na waliocheka walikuwa wakiuliza kama kamba zimebaki.

Kamba zilitoka kwa kampuni. Ofisi yake ilikuwa Mji Mkongwe, kwenye nyumba yenye mlango wa kuchonga, na ukutani pametundikwa ubao uliosema kwamba mkulima ndiye roho ya biashara. Aliyechukua kamba za kampuni hakuwa na ruhusa ya kumuuzia mwani mtu mwingine. Roho yenyewe ilikuwa imefungwa kamba, lakini hilo ubaoni halikuandikwa.

Sasa, maji yakishakupwa, vigingi vyote vinafanana. Ili watu wasigombane, kila mwanamke huchana utepe kwenye kanga yake kuukuu akaufunga kwenye kigingi cha pembeni. Utepe ukishafungwa, hapana mjadala: shamba lina mwenyewe. Desturi hiyo ilitoka baharini ikawafuata mpaka majumbani. Ndoo ilifungwa utepe, kisu kilifungwa utepe, na Pandu alikuwa akitania kwamba iko siku ataamka naye kafungwa.

Mwaka wa tisini na nane, siku moja kabla ya bamvu, pale maji yanapokupwa mbali kabisa, akaja Talal, msimamizi wa kampuni. Alikuwa kijana wa mjini, nadhifu, mwenye adabu zake.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba, mwanangu. Leo na gari?"

Gari lilikuwa na jozi kumi na mbili za viatu vya mpira vya kufunga kwa kamba, vizito, vya kukanyagia miamba. Talal alieleza kwamba kesho anakuja mgeni kutoka Ulaya, mkaguzi, kutazama jinsi kampuni inavyowatunza wakulima wake. Wavae viatu, watabasamu, na maneno yote atayatafsiri yeye. Wanawake walifurahi kwelikweli. Miaka minane walikuwa wakikanyaga miba na makombe ya baharini kwa miguu mitupu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Mwatum, jirani yake Mwanakheir, huku ashavivaa vya kwake na kuzunguka navyo uwanjani kama bibi harusi.

Mwanakheir alipokaa kufunga kamba za viatu vyake, aliona kwenye tundu la chini utepe wa zambarau wenye vikorosho vyeupe. Kanga ile aliijua. Ilikuwa doti moja waliyogawana yeye na dada yake Mayasa, anayelima mwani Kidoti. Upande mmoja alichukua yeye akauweka wa harusini, na mmoja alichukua Mayasa. Akaangalia vya Mwatum, akakuta utepe wa kijani. Akaangalia vya wengine. Kila jozi ilikuwa na utepe wake.

Talal aliuona utepe ule siku zote. Mtoto wa mjini, alidhani ni mapambo.

Mwanakheir alikumbuka sasa. Miezi mitatu nyuma Mayasa alimletea salamu za furaha kwamba kampuni imewapa viatu. Halafu wiki mbili baadaye ikaja habari nyingine: Mayasa kachomwa na mwiba wa samaki taa, mguu umevimba mpaka gotini. Mwanakheir alikwenda kumuuguza, na alipouliza viatu viko wapi, dada yake aligeuza uso na kusema vimechukuliwa kutengenezwa. Alikuwa na haya ya kusema kwamba amenyang'anywa na kampuni kitu alichokwisha kukitilia utepe.

Gari lilipoondoka aliwaambia wenzake. Mwatum akasema lile ambalo kila mmoja alikuwa nalo rohoni: "Shoga, sisi hatukuiba. Tukivigandamia kesho mbele ya mgeni, Talal hawezi kutuvua. Asiyekuwepo na lake halipo."

Maneno yale yalikuwa na uzito, na Mwanakheir alikuwa na miguu miwili kama watu wengine. Alivitazama viatu vile kwa hamu, hakujifanya mtakatifu. Adhana ya alasiri ilipomalizika, alisimama.

"Basi kesho atakuwepo," alisema, akajifunga kanga, akaifuata njia ya Kidoti.

Asubuhi ya saa nne maji yalikuwa yamekwenda mbali. Mkaguzi alikuja, mama wa makamo mwenye kofia pana na daftari, akawapiga picha wakiwa wamepanga safu, viatu miguuni, na Mwanakheir mbele. Talal akatafsiri hiki na kile. Ndipo wakatokea wanawake watano kutoka Kidoti, na mmoja wao anachechemea kwa fimbo.

Mwanakheir aliketi mchangani. Alivua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, akavibeba mpaka kwa dada yake, akauweka ule utepe juu ya pindo la kanga aliyojitanda Mayasa, pale palipochanwa. Ukakaa pahala pake. Hata Mwatum, huku akinung'unika, akavua vyake na kumpelekea mwenye kanga ya kijani. Wakavua mmoja mmoja, mpaka jozi zote kumi na mbili zikawa mbele ya watu wa Kidoti, na za wasiokuja wakazipokea wenzao.

Mkaguzi aliutazama mguu wa Mayasa, akamtazama Talal, na Talal akainama kupangusa mchanga kwenye suruali yake. Mama yule akajaribu Kiswahili chake kidogo.

"Viatu vya nani?"

"Vya Kidoti," alijibu Mwanakheir.

Mgeni alipokwisha kwenda garini, Talal alirudi mbio, macho mekundu. "Bi Mwanakheir, umeniaibisha."

"Ungewaachia wao vyao na sisi ukatuletea vyetu, mwanangu, leo ningekukaangia pweza."

Malipo yake yalikuja. Bamvu mbili nzima lori la kampuni halikutia mguu Nungwi. Mwani ulirundikana vibandani, na wapo waliopita mlangoni kwa Mwanakheir bila ya kumwamkia. Yeye aliendelea kufunga vichipukizi. Bamvu ya tatu lori likaja, kwa kuwa huko Ulaya mwani ulikuwa unahitajika. Viatu vya Nungwi havikuja siku ile, wala mwaka ule, wala uliofuata.

Kilichokuja, baada ya miaka mitano, ni kijitabu cha kampuni. Alikileta Mwalimu Bakar wa skuli, alikikuta hotelini mjini. Kwenye jalada, katika picha ya mgeni yule, alikuwa Mwanakheir, anacheka, viatu vya mpira miguuni. Mwalimu akamsomea maneno ya chini: kwamba kampuni inamlinda kila mkulima wake, kuanzia miguuni.

Mwanakheir aliitazama picha ile, akakasirika. Kisha akaingia ndani akatoka na kanga yake ya zambarau, ile ya harusini, mwenzake wa ile ya Mayasa, iliyokuwa bado haijaguswa na maji ya chumvi. Akachana utepe kwenye pindo. Akatoboa pembe ya kijitabu kwa kisu cha mwani na kuufunga utepe pale, mafundo mawili.

"Nakuomba umpelekee Mayasa," alimwambia mwalimu. "Viatu vyake hivyo."

Akachukua ndoo yake akateremka pwani, pekupeku kama kawaida, maana maji yalikuwa yashaanza kukupwa.