Mjapani Anaimba Dhihaka Yangu, na Mimi Nimempa Nyingine

Naombeni mnifiche kila kitu isipokuwa mkoa. Nina miaka thelathini na nane, ni fundi cherehani, naishi Mkolani hapa Mwanza, kwetu hasa ni Magu. Sina mume wala mtoto wa kumzaa. Jina langu sitaji, ila wengi wenu mnalijua, maana mmelicheza harusini na kulirekodia video zenu bila kujua ni la mtu aliye hai.

Niliolewa nikiwa na miaka ishirini na moja. Ng'ombe wa mahari yangu ndio kaka yangu aliowatumia kuoa, ndivyo tunavyofanya kwetu, dada anamfungulia kaka njia. Miaka sita ikapita sijashika mimba, mume akanirudisha kwa wazazi na ukoo wake ukadai ng'ombe wao. Wale walishakwenda kwa wakwe wa kaka, hivyo likafagiwa zizi la kaka, hadi ng'ombe wa maziwa ambaye wifi alikuwa anamkamua. Uchungu wake nauelewa. Lakini mbona aliutungia wimbo?

Aliuimba kwenye majaruba ya mpunga, wanawake wenzake wakaitikia. Kwa Kiswahili unasema ng'ombe wamerudi kwao, wamechoka kungoja ndama. Kiitikio ni jina langu, mara nne. Wimbo wenyewe unakwenda taratibu, mtamu, kama hujui Kisukuma unaweza kusinzia. Nilipita barabarani wakauimba huku wananiona. Mwezi uleule nikabeba cherehani yangu nikahamia Mwanza.

Sasa huyu Mjapani, tumuite Hanako. Nimemfuatilia kuliko hata mashabiki wake. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa wa msichana anayemngoja mtu stesheni, haukusikilizwa. Wa pili walimpanga na wasichana wengi wakacheza kama gwaride, nao ukafa, kampuni yake ikamwacha. Ndipo akaja huku kumtembelea mjomba wake aliyekuwa kwenye mradi wa maji, akapelekwa Magu kuangalia mavuno, wifi akamwimbia. Alipouliza ni wimbo wa nini, wifi akajibu ni wa kubembeleza watoto. Hanako akaurekodi kwa simu, akarudi kwao akautoa na gitaa, na jina langu ndani. Huo ndio uliomtoa. Albamu nzima ameipa jina langu. Wifi yumo kwenye video, amejifunga kanga mpya, anacheka.

Wasukuma wa mjini wanaelewa kila neno. Kuna mteja aliniletea kitambaa simu yake ikaita kwa wimbo huo, akaizima haraka na kuangalia chini. Jioni ile nikampigia wifi. Sikumtukana, nilimuuliza tu kama haoni aibu.

"Wifi, wewe huna mtoto wa kulibeba jina lako," akaniambia. "Mimi nimelifikisha Japani. Si ungeshukuru?"

Tangu siku hiyo nataka alie, na alie mbele za watu kama nilivyolia mimi.

Mungu si Athumani. Mwaka huu mwalimu Domina, mteja wangu wa Pasiansi anayemtafsiria Hanako, alikuja kuagiza magauni ya vitenge. Hanako amerudi, anapiga video ziwani, na anatafuta wimbo mwingine wa Kisukuma kwa sababu alizotoa baada ya ule hazikufika popote. Domina ni Mhaya, Kisukuma hajui hata salamu. Nikamwambia wimbo ninao.

Sikuwa nao. Niliutunga kwa siku tatu nikiwa nashona. Zamani tulipokuwa tunapendana, wifi alinisimulia mwenyewe huku ananisuka kwamba binti yake wa kwanza si wa kaka. Niliapa sitasema. Wimbo wangu unasema yote, jina la wifi, jina la mwanamume na mnada walikokutana. Nikaufanya taratibu na mtamu kama wake. Hanako aliusikiliza amekaa kwenye stuli ya wateja, machozi yakamtoka, akamgeukia Domina aniulize unahusu nini.

"Mwambie ni wa kumbariki mtoto," nikasema.

Ameshaurekodi. Ndio utakaotangulia kwenye albamu mpya, kilichobaki ni saini yangu ya kuuruhusu, Alhamisi kwa Domina kule Pasiansi. Nikiwaza sura ya wifi siku utakapopigwa Magu, nashiba kabla sijala.

Kinachonikwamisha ni huyo binti. Ana miaka kumi na sita, anasoma sekondari huku mjini na ni mwaka wa pili anaishi kwangu. Kaka anampenda kuliko watoto wengine wote, na kwamba si wake hajui. Binti mwenyewe ndiye pekee katika ukoo aliyemwambia mama yake kwamba ule wimbo ni dhambi. Darasani walipoupiga alitoka nje, akaadhibiwa, na mimi nilikuja kuyasikia kwa mwalimu wake. Sasa amejua shangazi yake naye ana wimbo kwa Mjapani. Ameniomba nimwimbie, nikamwambia asubiri utoke. Amewatangazia wenzake kwamba wa shangazi ukitoka, ule mwingine watausahau.

Ndugu zangu, wa kuniambia nisamehe apite kimya, sijamwandikia yeye. Nataka mtu anionyeshe namna ya kumpiga mama bila kumgusa mtoto, na kama namna hiyo haipo aniambie waziwazi. Nifanyeje? Alhamisi binti ameomba ruhusa shuleni anisindikize, na kalamu ya kusainia ameninunulia yeye.