Guruguru Tuliyemchagua Asubuhi ya Baridi

Jumanne iliyopita tulimzika jirani yangu wa zamani kule Mufindi. Kabla hamjaanza kunipa pole, ngojeni kwanza. Hakuwa ndugu yangu, na hata kumwita rafiki sijui kama nina haki. Tulikuwa wanawake wawili tulioolewa mwaka mmoja, majiko yetu yakitenganishwa na ua wa mianzi, na tangu ujana wetu tulikuwa na jambo tulilolijua sisi wawili tu. Ndani ya jambo hilo kulikuwa na jingine, nililolijua mimi peke yangu. Wajukuu wangu wote wamesoma, mmoja ni daktari mwenye koti jeupe na jina kifuani, na mimi bibi yao wa darasa la pili ndiye niliyewafundisha kusema kweli. Basi na mimi leo niseme.

Miaka ile ya hamsini wanaume wetu walikuwa wakiondoka mmoja mmoja mpaka vijiji vikabaki na sauti za wanawake na mbuzi tu. Walipanda malori ya mbao hadi Mbeya, wakaandikishwa, wakapelekwa migodini kusini. Mume wa jirani yangu naye akaandikishwa. Alikuwa mtu mkimya, na kitu alichokipenda hakikuwa pombe wala ngoma, alipenda guruguru. Msimfikirie mjusi wa ukutani. Guruguru ni mnene, urefu wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, shingo hana, miguu mifupi kama ya kuazima, na magamba yake ni laini, yanang'aa utadhani amepakwa mafuta ya karanga. Yeye wa kwake alimtoa mabonde ya joto, akamfuga jikoni ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, kando ya mafiga, akimlisha mende na panzi kwa mkono wake. Siku ya kuondoka alimwambia mkewe, "Nitunzie huyu. Nikirudi nataka nimkute." Mimi nilisikia mtu anayempenda mnyama wake, basi. Lakini mama yake akadakia: "Umesikia, we mwanamke? Roho ya mwanangu umeachiwa wewe. Huyo akifa, ujue na mwenyewe amekufa." Nilikuwa nimesimama pale na debe la maji kichwani, nikacheka. Na mbwa aliyekuja kumla guruguru yule, miezi michache baadaye, alikuwa mbwa wangu.

Ulibaki mkia tu. Jirani yangu aliuleta kwenye ungo. "Njoo uone mbwa wako alichonifanyia." Bahati mama mkwe alikuwa amekwenda kwa binti yake aliyejifungua. Nilimwambia, "Usilie. Tutatafuta mwingine kama yeye, na yule bibi hatajua." Wazo lilikuwa langu. Tukadandia lori la mbao hadi Iringa, na kutoka pale lori jingine lililobeba chumvi na vitambaa hadi Idodi, kwa mjomba wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kutega panya na ndezi.

"Kamwene, wanangu. Guruguru wa nini? Huko Mufindi mboga zimewaishia?"

"Wa kufuga, mjomba."

"Wa kufuga! Mbwa mnao, waume mnao, bado mnataka na guruguru!"

Hata hivyo asubuhi alituletea tenga lenye wanyama wanne, akawatoa mmoja mmoja. Wa kwanza alimrudisha mwenyewe. "Huyu ni kenge mdogo. Tazama shingo ndefu, ulimi umegawanyika. Akikua atamaliza kuku wako na wa jirani." Wa pili alikuwa guruguru kweli, lakini mkia wake ulikuwa umekatika ukaota upya, na mifupa ya nyonga ilionekana. "Huyu ana minyoo, hafiki kwenu." Wakabaki wawili, wote wanono, wote wa kimo kile tulichokitaka. Mmoja alikuwa akitoa ulimi, akigeuza kichwa kumtazama kila aliyesema. Wa pili alitulia kiganjani mwangu kama ndizi mbivu. Mjomba akasema, "Chukueni huyu anayeuliza. Mnyama anayekuuliza habari ni mzima. Au ngojeni jua lipande ndipo mchague, maana asubuhi ya baridi wote ni wapole."

"Lori halingoji jua, mjomba," nilimjibu. Yule aliyekufa alikuwa mpole, nami nilitaka mpole. Nikamchukua aliyetulia. Jirani yangu alikwisha kupanda, amekaa juu ya magunia, kikapu mapajani, na injini inanguruma. Mjomba akanishika mkono. "Mlazeni karibu na moto. Baridi ya kwenu itamlaza kama maiti. Msije mkamtupa!" Njiani nilimwambia mwenzangu habari ya moto. Habari ya maiti sikumwambia, kwa kuwa alikuwa na hofu ya kumtosha.

Jikoni, kando ya mafiga, yule mpole akapata joto, akawa mwingine kabisa. Aling'ata. Alipindua chungu, akakimbilia chini ya kitanda cha mama mkwe aliyekwisha kurudi. Bibi yule aliinama, akamtazama kwa muda mrefu, akauliza polepole, "Mbona amekuwa mkali hivi? Mwanangu ana hasira gani huko aliko?" Tangu siku hiyo hakuacha kumchungulia. Wiki hiyohiyo barua ikaja, mwalimu wa kanisa akaisoma: mzima, anakula, anawasalimu. Mnaona? Guruguru wake amekwisha kuliwa na mbwa, na mtu anakula ugali wake mgodini. Sisi wawili tulikuwa na ushahidi ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao, na hatukuweza kuutoa bila kujitoa wenyewe.

Baada ya barua ile hazikuja nyingine. Jirani yangu, akiogopa ukali wa mnyama utamfichua, alimwondoa jikoni akamweka ghalani, ndani ya kikapu chenye kifuniko. Ukaja Juni. Anayeijua Mufindi anaijua Juni yake: ukungu unaingia hadi chini ya vitanda, na asubuhi majani yanavunjika ukiyakanyaga. Asubuhi moja mama mkwe aliingia ghalani kuchukua mahindi. Alipotoka alikuwa amemshika guruguru mkiani, amekakamaa kama ukuni. Hakupiga kelele mara moja. Alisimama katikati ya ua, akamwinua watu wamwone, ndipo akasema, "Mwanangu."

Wanawake wakaanza kulia. Nilipita uani mbio, maneno ya mjomba yamenijaa mdomoni. Nikafungua kinywa. Jirani yangu akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, hivi tu. Maana wangeniuliza: umejuaje? Nani kakwambia? Idodi mlifuata nini? Nikafunga kinywa. Mwalimu wa kanisa peke yake ndiye aliyekuwa na akili siku ile. "Mama, mimi sipigi kengele ya msiba kwa ajili ya mjusi. Leteni barua." Bibi akamjibu, "Barua ndizo zimekoma, mwalimu. Unataka nini tena?" Akaondoka, na msiba ukakaa bila kengele.

Kesho yake adhuhuri ukungu ulifunguka. Nilikuwa napita jalalani na debe langu, nikamwona juu ya majani makavu ya mgomba, walipomtupa. Kwanza mguu mmoja ulicheza. Kisha jicho likafunguka. Akatoa ulimi, akageuza kichwa kunitazama, kama anayeuliza habari. Halafu akaingia kwenye nyasi, akaenda zake. Nyuma ya ua wa mianzi walikuwa wanamnyoa jirani yangu nywele za ujane, nasikia wembe unavyokwaruza. Zilikuwa hatua kumi na mbili, na sikuzipiga. Nilikwenda nyumbani kwangu nikawapikia waombolezaji.

Baada ya msiba jirani yangu akarithiwa na shemeji yake. Mvua zikapita, na siku moja mume mwenyewe akaingia uani, anachechemea, sanduku la bati kichwani. Mwamba ulikuwa umemwangukia mguuni, akalala hospitali ya mgodini muda mrefu, hana wa kumwandikia. Mama yake aliketi chini palepale. Yeye alimtazama mkewe, akaona tumbo, akaona anatokea mlango wa nyumba ya nani. Hakuuliza habari ya tumbo. Aliuliza, "Guruguru wangu yuko wapi?" Mkewe akanitazama mimi, nami nikatazama miguu yangu. Yeye akainua sanduku, akashuka barabarani kungoja lori la Mbeya. Hatukumsikia tena, si yeye, si kifo chake.

Jirani yangu alizaa watoto sita na yule shemeji, akamzika, akazeeka. Hakunilaumu hata siku moja. Mara moja tu, tukipalilia ngano, alisema bila kuinua kichwa, "Ungesema siku ile, ningekukana mbele ya watu."

"Najua."

Akapiga jembe mara tatu, nne. "Lakini ungesema."

Mtasema zamani tulikuwa wajinga, tulisoma wanyama kwa kuwa habari zilikuwa mbali. Haya. Mwezi huu huu hapa mtaani kwetu uvumi wa simu ulimzika mwanamume mzima, mkewe akavuliwa funguo za duka kabla ya jioni, na mwenyewe yuko Mbeya anangoja gari litengenezwe. Kila mmoja alikuwa na shaka yake, na kila mmoja alingoja mwingine aseme. Ninachowaachia ni hiki: ukijua kitu kinachoweza kumzuia mwenzako asinyolewe, kiseme ukiwa na aibu yako hivyo hivyo, kikuumbue. Aibu yangu ingekuwa ya msimu mmoja. Yeye alilipa kwa maisha yote.

Jumanne ilikuwa baridi, ukungu mpaka mlangoni. Walitaka kufunga jeneza mapema, njia isiharibike. Nikaweka kiganja juu ya paji la uso wake, nikasema, "Ngojeni jua lipande." Mjukuu wangu daktari akaninong'oneza, "Bibi, amekwisha kufa." Nikamwambia, "Najua kuliko wewe. Ngojeni." Wakangoja, wakidhani uzee. Jua lilipofika usoni pake niliinama nikamwambia sikioni lile moja alilokuwa hajui, kwamba yule guruguru aliamka, nilimwona, akaenda zake. Nikasubiri kidogo, mkono wangu ukiwa palepale. Hakucheza. Ndipo nikasema, "Fungeni."