Bustani ya Bi Kola

Walimwita Bi Kola kwa sababu nusu ya watoto wa mtaa ule walikwenda shule na kola alizozishona yeye. Cherehani ile ile ndiyo iliyomsomesha mwanawe wa pekee, na macho nayo yakaishia humo humo, kwenye tundu la sindano. Mpaka mwanawe anamaliza kujenga nyumba na kumchukua wakae pamoja, mama alikuwa hatofautishi mchana na usiku.

"Mama, bustani ni yako," mwanawe alimwambia siku alipohamia. "Chagua unachotaka."

Wakaenda kwa mwuza miche, yeye, mwanawe na mkamwana. Bi Kola alichagua kwa pua. Kila mche aliouinamia, aliuliza unakua kiasi gani, unapenda jua au kivuli. Asumini aliitaka chini ya dirisha lake. Mlangilangi langoni, ili akifika ajue amefika. Waridi pembeni ya ngazi, rihani mlango wa jikoni. Alikuwa na lake moyoni: akitaka kuizunguka nyumba, aizunguke peke yake, asishikwe mkono kama mtoto anayejifunza kutembea. Mwuzaji alicheka, akasema hajapata mteja mwenye pua ya namna hiyo. Bi Kola naye akacheka, akarudi nyumbani moyo mweupe.

Fundi wa bustani akaja, akapanda, akaondoka. Mama akawa anangoja harufu.

"Bado michanga," mkamwana alimjibu kila alipouliza. Mvua zikaja, zikapita. "Udongo wa hapa mzito, Mama. Vuta subira."

Asubuhi moja, wenyewe wakiwa kazini, fundi alirudi kupogoa. Bi Kola alisikia mkasi, akatoka akipapasa ukuta hadi chini ya dirisha lake. Vidole vilikuta kichaka kigumu, kimekatwa bapa juu kama meza. Akavunja jani, akalinusa. Jani tu, basi.

"Hii si asumini," alisema.

Mkasi ukanyamaza. "Mama, mimi nilipanda nilichoambiwa," fundi alijibu kwa sauti ya chini. "Ni vichaka hivi hivi, nyumba nzima. Walisema asumini inaleta nyoka, na mlangilangi ungechafua magari."

Jioni aliwangoja mwanawe na mkamwana sebuleni.

"Ungeniambia tu kwamba hamtaki."

"Tuliona utaumia, Mama. Na kwa kweli vinapendeza, kila mtu anavisifu."

"Kwa hiyo kila nilipouliza, mlikuwa mnatazamana."

Mkamwana aliinuka, akaenda kupakua chakula.

Bi Kola aliomba arudishwe kwenye chumba chake cha kupanga. Mwanawe akakataa katakata: watu wangesema nini, mtu ana nyumba kama hii na mama yake anakaa chumba kimoja? Basi akabaki. Nje hakutoka tena ila kwa kushikwa mkono, na habari ya maua hakuiuliza.

Siku moja walikuja wageni, wafanyakazi wenzake mwanawe. Bi Kola, akiwa amekaa kitandani, dirisha wazi, aliwasikia wakiistaajabia bustani.

"Yote amechagua mama yangu," mwanawe aliwaambia kwa fahari.

Mgeni mmoja akasogea dirishani. "Hongera, Mama. Pamependeza sana."

Mwanawe alikuwa amesimama hapo hapo. Bi Kola aliijua pumzi yake.

"Ahsante, baba," alijibu.