Paka Aliyemgeukia Pudensiana

Pudensiana wa Kakese alijivunia vitu viwili: dagaa wake wa Ikola, wasio na mchanga hata chembe, na sauti yake ya kanisani. Kwa dagaa, sifa alistahili. Sauti tuiache kwanza.

Panya walipoanza kujipimia dagaa wenyewe stoo, aliomba mtoto wa paka kwa jirani yake Esteria, akamwita Askari. Mpole ajabu! Alilala mapajani mwa bosi wake na kumlamba vidole vyenye shombo. Ila siku zikakaribia za askofu kuja kutoa kipaimara, na Pudensiana ndiye aliyepangwa kuimba solo. Kila jioni akifanya mazoezi huku anasonga ugali, Askari aliruka kutoka uvunguni akamng'ata mguu. Akinyamaza ili atafute ufagio, Askari naye anatulia, anajilamba kama si yeye.

"Huyo paka katumwa," Esteria akasema.

"Si wewe uliyenipa?"

Esteria akakumbuka ghafla kwamba ana maharage jikoni.

Pudensiana akamnyunyizia paka maji ya baraka. Askari akapiga chafya, akang'ata mguu wa pili.

Jumamosi akaja Christina, binti wa kwaya, wafanye mazoezi pamoja. Christina akaanza ubeti. Askari akajinyoosha juu ya gunia, akafumba macho. Pudensiana akapokea. Hata neno la kwanza hakulimaliza, Askari keshaning'inia kwenye gauni kwa makucha yote. Wakarudia, ikawa vilevile. Christina akatazama dari. Silvester, mume wa Pudensiana, aliyekuwa mlangoni anapukuchua mahindi, akacheka mpaka akapaliwa.

"Baba Rafaeli, kwani sauti yangu mbaya?"

Silvester akafuta machozi ya kicheko. "Mama Rafaeli, mimi nilishazoea. Paka bado mgeni."

Iliuma. Iliuma kuliko meno ya paka. Miaka yote hiyo wanakwaya walimwambia, "Mama, umebarikiwa," na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila sifa ilimpandisha nusu sauti. Watu wazima, wabatizwa, wenye besi za kutikisa madirisha, wote walimwogopa mwanamke mmoja, ukweli wakamwachia mnyama asiyejua hata Baba Yetu.

Jumapili baada ya misa akamwendea Makarius, mwalimu wa kwaya, wenzake wote wakiwa bado wamesimama hapo. Moyoni bado alikuwa na matumaini. Huenda paka ni paka tu. Alikuwa amejipanga: atajitoa, watambembeleza, atakataa, watambembeleza tena, ndipo akubali kwa shingo upande.

"Mwalimu, koo linanisumbua. Nilikuwa nafikiri, labda solo aimbe Chri..."

"Sawa kabisa, mama," Makarius akadakia. "Afya kwanza."

Pudensiana akangoja. Akageuka kuwatazama wenzake, angalau mmoja aseme "hapana, mama." Wakaanza kupiga makofi, kwanza wa besi, kisha wote, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akapiga kigelegele. Tangu aanze kuimba katika kanisa lile, hakuwahi kupigiwa makofi kama hayo.