Masikio ya Baba Hayamo Kwenye Mfumo

Wewe msomaji, umewahi kudaiwa uthibitisho kwamba baba yako ni baba yako?

Juzi nilikuwa steshenari hapa Kasulu, nikichapisha CV yangu kwa mara ya ngapi sijui. Pembeni, binti kutoka Munanila alikuwa akiomba mkopo wa chuo, baba yake kasimama nyuma yake. Kompyuta ikagoma: Names do not match. Kisa? Jina la mwisho la binti si la baba. Jamani, huku kwetu Buha kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe!

"Huyu ni mzazi wako kweli?" mhudumu akauliza.

"Ni baba. Sina mwingine."

Mzee akainama, akaweka shavu lake karibu na la bintiye, akashika sikio lake na la mtoto. Makubwa, yaleyale. "Tazama, kijana. Mwana wanje huyu, mwanangu wa damu! Unataka nini tena?"

"Mzee, kompyuta haioni masikio. Nenda kwa mtendaji."

"Mtendaji ndiye kaniambia nije kwako!"

Binti akanigeukia: "Kaka, wewe umesoma. Tunafanyaje? Maombi yanafungwa Ijumaa, na bila mkopo siendi chuo."

Degree yangu haikuwa na jibu, as usual.

Ninyi mnaotunga hizo fomu chini ya viyoyozi, ulizeni kwanza watu hupeanaje majina. Na kabla ya Ijumaa mleteni Kasulu mtu mwenye macho, aje ayaone hayo masikio.