Siku Tulikaa Juu ya Bibliotèke

Wewe mwenye ulikulaka sambaza, ile samaki ndogo ya ziwa, ya moto mu karatasi, kiisha ukalamba na karatasi yenyewe, kuja hapa karibu. Hii iko yetu. Bale benye balizaliwa na telefone mu mukono banyamaze kwanza.

Vakansi yetu, ile likizo kubwa, ilikuwaka vumbi. Mwezi ya saba na ya nane, hapa Bukavu, majani ya kilima inakauka, batu banachoma mashamba, moshi inashuka mpaka ku ziwa, na ukiangalia upande wa Muhumba unaona paka kivuli tu ya manyumba. Tulichezaka mupira ya sashe ya plastiki yenye tulifunga na kamba ya mugomba. Tulirukaka kamba mpaka miguu inageuka nyeupe, unazani mutu alitembea mu bunga. Maman yangu alikuwaka na neno moja ya vakansi yote: "Nsimire, ukirudia na vumbi mu masikio, utakula na mbwa." Na kwetu hatukukuwaka na mbwa.

Lakini mimi, roho yangu yote ilikuwaka ku nyumba moja: bibliotèke ya kilima yetu. Salle moja ya matofali, madirisha mbili, etajere ya mbao, na bitabu byenye bilikuwa binanuka moshi na nafutalini. Maman Esperanse njo alikuwaka mukubwa yake. Mbele ya kuingia, unanawa mikono mu beseni ku mulango, kiisha unamupatia mikono, ananusa. Ndiyo, ananusa! "Hii iko sambaza. Rudia, tia sabuni." Na unarudia, hata kama uko mutoto wa nani. Leo mutoto anashika telefone na mikono ya mafuta, anapitisha kidole, anaruka page sawa panzi, kiisha anakuambia amesoma. Amesoma nini? Ameona rangi tu.

Kwa bingine, ile nyumba ilikuwa ya kupitisha vakansi. Kwa mimi ilikuwa masomo yenyewe. Nilitoka ku kilasi mu mwaka ya ine ya primaire, sikurudia tena. Yote yenye najua, kifaransa yangu, mahesabu yangu, na hii mudomo yenye inanitia mu mashida, niliokota mule. Ukigusa ile nyumba, umenigusa mimi. Hata leo, jaribu uone.

Sasa kulikuwa mutu alitaka kuigusa. Tulimuitaka Papa Depo, muuzishaji wa simenti, juu kila nyumba yenye aliona, aliwaza paka namna ya kuigeuza depo, aweke simenti yake ndani. Mabati ya bibliotèke ilikuwa imeoza, imetobokatoboka, mvula ilikuwa inakula mpaka ukuta. Papa Depo akaenda kuongea na shefu wa karitiye, mukubwa wa mutaa yetu. Siku moja shefu akakuja, akasimama katikati ya salle, akasema mbele yetu bote:

"Maman Esperanse, mvula ikirudia na hii nyumba inavuja bado, nitaipatia mutu mwenye anaweza kuichunga. Na usitoshe bitabu uende kubificha kwa batu. Nyumba bila bitabu haiko bibliotèke tena. Siku bitatoka, nayo imetoka mu mukono yako."

Papa Depo alikuwa nyuma yake, anapima mulango na macho, sawa anaangalia kama mifuko yake itapita.

Kwa hiyo ilikuwa hivi: bitabu bisitoke, na mvula isiingie. Basi.

Kilima yote ikaamka. Papa Saidi, mwenye aliuzishaka bitenge ku soko na jamaa yake iko Uvira, akasema ndugu yake atatuma mabati mapya na camion. Tonton Bisimwa, fundi wa mbao, akasema kazi ya juu iko yake. Bakachagua siku ya posho, juma mosi, ya salongo, siku yenye batu bote banatoka kufanya kazi ya karitiye. Ilikuwa mwisho ya mwezi ya nane. Papa Saidi aliapa camion itafika asubui.

Hapa njo tulikosea, na ni kosa ya kwetu tu. Ku kilima yetu, ukifunika nyumba upya, unatosha, ni kusema unaondoa, mabati ya zamani yote mara moja. Hautoshi nusu. Kutosha nusu ni kutukana majirani, ni kusema hautumainie kama batakuja. Nyumba ikibaki wazi, kila mwenye anapita anasikia haya, anasimama, anasaidia. Na mabati ya zamani unaigawa palepale kwa benye bamefika: huyu ya kufunika jiko, ule ya choo, mwingine ya nyumba ya kuku. Njo asante yao. Tulifanyaka vile siku zote, tukafanya vile na ile siku. Jua haikukuwa hata katikati, juu ya bibliotèke kulibaki paka mbao, na bati ya mwisho ilikuwa inashuka kilima juu ya kichwa ya baba yangu, naye anaimba.

Kiisha telefone ya Papa Saidi ikalia. Akasikiliza. Akakaa chini ku jiwe, mutu munene vile, pole pole.

"Camion imevunjika njiani, Sange," akasema.

"Inatengenezwa lini?" Tonton Bisimwa akauliza.

"Banangojea piese ya moteri. Labda kesho kutwa."

Tonton Bisimwa akaangalia juu, akaangalia chini, akakuna kichwa na nyundo. "Haina shida. Kungali kiangazi."

Hata hakumaliza. Upepo ikapita, ya baridi, yenye harufu ya maji. Batu bote tukageuka. Upande wa Kalehe, juu ya ziwa, wingu ilikuwa imesimama, nyeusi sawa chini ya sufuria.

Na nani alikuja ile saa? Papa Depo, na shati yake ya kupigwa pasi. "Maman Esperanse, mimi siko mutu mubaya. Kwangu kuko nafasi. Muniletee bitabu bilale pale, bikae kukauka. Hakuna mutu atasema kitu." Sauti tamu sawa asali.

Maman Esperanse akaangalia bitabu. Tulikuwa tumebikusanya katikati ya salle na kubifunika na bitenge bya Papa Saidi. Akaangalia wingu. Hata Tonton Bisimwa akasema chini chini: "Maman, karatasi ikioza, tutachunga nini?"

Nikaona anafungua mudomo. Nikajua anaenda kuitika. Damu ikanipanda.

"Bikiingia kwake habitatoka! Anataka nyumba, hataki bitabu! Hata kusoma hajue!"

Papa Depo akageuka. "Huyu mutoto wa nani?"

"Wa hii nyumba!"

Maman Esperanse akanipiga kofi ku kichwa, ya kweli, juu ya kukosea mukubwa heshima. Na mukono ilikuwa haijashuka, akamuambia: "Papa, asante. Bitabu bitabaki hapa." Kiisha akatugeukia sisi batoto: "Yale mabati ya asubui iko wapi? Mukimbie!"

Mama yangu! Tulikimbia. Wenye muliona ile siku, munakumbuka. Kilima yote ilikuwa inapiga makelele: "Mabati! Murudishe mabati! Mvula inakuja!" Muzee mumoja alikataa, akasema kuku yake imekwisha kulala juu. Batoto bakabeba bati na kuku, na muzee nyuma, anatukana mpaka ku bibliotèke.

Mimi nikaenda kwetu. Baba alishapigilia bati yetu juu ya jiko, na misumari ya kweli. Nikapanda, nikaanza kung'oa. Ndani, maman alikuwa anapika bugali.

"We Nsimire! Unafanya nini juu ya kichwa yangu?"

"Natosha bati, maman!"

"Na bugali?"

"Wingu iko mukubwa kupita bugali!"

Akatoka na mwiko mu mukono, baba nyuma yake. Nilizani nimekufa. Akaangalia upande wa ziwa, akashusha mwiko. "Papa Nsimire," akamuambia, "musaidie mutoto yako. Na wewe musichana, ukianguka, usikuje kulia kwangu." Baba akachukua nyundo. Ile jioni tulikula bugali ya maji.

Tukafika na matone ya kwanza. Tonton Bisimwa alikuwa juu ya mbao, batu banamupatia mabati mukono kwa mukono. Lakini matundu ya misumari haikukutana tena, na wakati ya kupigilia haikukuwako. Anaweka bati, upepo inainua. Anaweka ingine, inainua ya kwanza. Ikaruka moja, ikapita karibu na sikio ya Papa Saidi, ikaenda kuanguka mu mugomba. Hapo njo Tonton Bisimwa akapiga kelele yenye nasikia mpaka leo:

"Mukae! Kila mutu akae juu ya bati yake! Mukae kwenye mbao, mukanyage kwenye mbao! Banene babaki chini!"

"Banene ni nani?" Papa Saidi akauliza, na kasirani.

"Papa Saidi, shika ngazi!"

Tukapanda. Bamama na bitenge byao, batoto, baba yangu, ule muzee wa kuku. Tukakaa sawa ndege ku kamba ya umeme. Na mvula ikashuka. Hapana mvula ya kuchezea, mvula ya kupiga mugongo sawa changarawe. Mbao zikalia chini yetu. Maman mumoja alikuwa anasali na macho wazi. Mimi nililala tumbo juu ya bati yetu, nikashika pande mbili, na jicho yangu ku tundu ya musumari. Nikaona ndani.

Shefu wa karitiye alikuwa ameingia, na parapluie yake ya mvula. Papa Depo nyuma yake. Shefu akainua kitenge, akagusa kitabu, akapitisha kidole, akaangalia kidole. Akagusa kingine. Maman Esperanse alikuwa amesimama karibu ya dirisha, wima, mikono ku tumbo. Na hapo, juu yake, maji ilikuwa inavuja. Tone kiisha tone, ku fular ya kichwa yake. Angesogea, ingeanguka ku saruji na shefu angesikia. Hakusogea. Maji ikamupita ku uso, ku shingo, anaangalia shefu tu.

"Fular yako imelowa," shefu akasema.

"Nilikuwa inje, shefu."

Shefu akamuangalia muda murefu. Kiisha akainua macho. Sijue kama aliona jicho yangu. Najua tu nilifunga pumzi mpaka kichwa ikazunguka. Papa Depo akasema: "Shefu, unaona vizuri kama..."

"Naona vizuri," shefu akamukata. "Hii nyumba iko na batu juu. Simenti yako iko na nani juu yake? Twende."

Bakatoka. Hatukupiga hata makofi, juu tungeachilia mabati. Tulibaki pale mpaka mvula ikachoka. Bitabu kidogo bya pembeni bililowa, tukabianika ku kamba. Camion ikafika na mabati mapya, Tonton Bisimwa akapigilia, na Papa Depo akaenda kutafuta nyumba ingine.

Ile mwaka, tulisoma sana. Munakumbuka? Mwenye hakujua kusoma, mwingine alimusomea. Hatukujua kama tuko bamaskini. Tulijua tu nyumba ya karitiye ikiwa wazi, ni yako njo iko wazi.

Leo tumetawanyika. Bamoja mu Bujumbura, bamoja Kampala, bamoja hatujue hata kama bangali bazima. Maman Esperanse iko Kalehe kwa musichana yake, macho haione vizuri tena. Benye tulibaki, jua ikianza kushuka kila mutu anafunga mulango yake, na namna usalama iko siku hizi, siwezi kubalaumu. Lakini zamani tuliogopa pamoja. Leo kila mutu anaogopea kwake.

Ufunguo ya bibliotèke iko kwangu sasa. Mabati "mapya" imekwisha kuzeeka, imekula kutu, juu ya etajere ya nyuma naona mwangaza yenye haipashwi kuwa. Nilituma neno mu groupe ya vijana ya karitiye: siku ya posho tukuje tutengeneze. Nikapata sura ya kucheka, mioyo, vidole juu. Mumoja akauliza kama kutakuwa wifi. Siku ya posho nilikuwa na nyundo, na nilikuwa peke yangu. Nilibatukana mu audio murefu. Najua habakusikiliza mpaka mwisho.

Sasa naandika hii saa tisa ya muchana. Ndani kuko batoto batatu banasoma, mumoja anasoma kwa sauti, anakosea, anaanza tena. Mimi nimesimama ku mulango. Upepo imegeuka, inatoka upande wa Kalehe. Naangalia wingu, na sijue nitaita nani.